Picha niliyoifuta Msimbati

Jumapili nilikuwa Msimbati, ufukweni mkoani Mtwara, na kamera yenye lenzi ya milimita 35 tu. Hiyo haivuti vitu vya mbali, inakulazimisha usogee. Huwezi kujibanza nyuma ya mnazi ukavizia watu kama jasusi.

Kule bahari iko mashariki, asubuhi jua linakupiga machoni na kila mtu anatoka mweusi kama kivuli. Kwa hiyo nikaingia majini mpaka magotini, nikageukia minazi.

Maji yamekupwa. Mama mmoja anarudi na ndoo ya pweza kichwani, mnyiri mmoja, yaani mkono wa pweza, unaning'inia ukingoni. Akageuka kumcheka mwenzake aliyebaki nyuma. Nikabofya.

"We mwanangu, umenipiga?"

"Shikamoo mama. Ndiyo."

"Marahaba. Hebu nione."

Akainama kwenye kioo cha kamera. "Kanga imenivuka hapa. Futa."

Nikafuta mbele yake. (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 niliikumbuka nikiwa kwenye daladala. Pale nilimwogopa mama tu.)

"Haya, sasa nipige vizuri." Akashusha ndoo, akajifunga upya, akasimama wima kama anapigwa ya kitambulisho.

Ndiyo niliyorudi nayo Mtwara mjini. Mnyiri haumo.