Mtetemo wa propela baada ya kuinua Land Cruiser

Siku niliyotoa Land Cruiser yangu gereji, pikapu ya HZJ75 iliyokuwa imeinuliwa inchi 2, nilipita Southern Bypass kurudi nyumbani huku moyo ukiniambia kwamba kuna kitu kimeharibika. Mshale wa spidi ulipofika 75, sakafu ilianza kuvuma chini ya viatu vyangu; ulipofika 80, picha ilipotea katika kioo cha nyuma na fimbo ya gia ikatetemeka hadi kiganja kikaanza kuwasha. Nilipoachia akseleta mvumo ulipungua, na nilipokanyaga tena ulirudi palepale. Kabla ya kuinuliwa, gari hili lilikuwa limenifikisha Magadi mara nyingi bila kelele ya aina hiyo.

Kila niliyemuuliza alitaja tairi. Fundi mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mzee, hizi zinataka balansi tu," nami nikalipa, kisha nikalipa tena mahali pengine, na mvumo haukupungua hata kidogo. Nilipaswa kufanya hesabu kwanza. Tairi zangu husafiri takriban mita 2.5 kwa kila mzunguko, kwa hiyo katika kilomita 80 kwa saa huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Tairi isiyo na balansi hutikisa gari kwa kasi hiyohiyo, na mtikiso wa mara 9 kwa sekunde mtu huuhisi kwenye usukani au kwenye kiti kama kutikiswa, akikaribia hata kuuhesabu. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma hadi kwenye ekseli, ni jambo jingine. Difu yangu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli, ina uwiano wa 4.11, maana yake propela huzunguka zaidi ya mara 36 kwa sekunde katika mwendo huohuo, na kosa la pembe kwenye viungo vyake hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko, yaani kama mara 73 kwa sekunde. Kasi hiyo haihesabiki. Husikika kama mvumo, na ndio niliokuwa nikiusikia.

Ili kuondoa shaka, nilifungua propela ya nyuma, bolti nne kila upande, nikafunga habu za mbele ili magurudumu ya mbele yashikane na ekseli yake, nikaingiza gia ya magurudumu manne na kuendesha kwa nguvu ya ekseli ya mbele peke yake. Gari lilikwenda 80 likiwa limetulia kabisa. Ningependa anayetaka kulirudia jaribio hili aweke vigingi vizito kwenye magurudumu kabla ya kulala chini ya gari, kwa sababu propela ikishatoka, gia haiyashiki tena magurudumu ya nyuma. Aidha, kabla ya kufungua chochote, nilipaka mstari wa rangi nyeupe kwenye maungio ya propela, pamoja na pale sehemu mbili zinapoingiliana kwa meno, kwa kuwa ikirudishwa ikiwa imeruka jino hata moja, masikio ya ncha mbili, yaani uma zinazoshika viungo vyake, hayatalingana tena na mtu atakuwa amejiongezea mtetemo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Propela ikiwa mezani, nilizungusha kwa vidole krosi ya upande wa difu, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela izunguke ikiwa imepinda. Ilikwenda laini, kisha ikanasa kidogo katikati, ikaachia, ikanasa tena. Nilipoifungua nilikuta vumbi jekundu la kutu mahali pa grisi, na juu ya chuma alama za vijiti vya beringi zikiwa zimechimbika kama mistari ya kitana. Krosi hiyo ilikuwa imekufa, nami nikanunua nyingine Kirinyaga Road siku iliyofuata. Hata hivyo, sikutaka kuifunga kabla ya kujua kama mpya nayo isingeuawa.

Krosi inayofanya kazi ikiwa imepinda haizungushi kwa kasi moja. Katika kila mzunguko, upande unaosukumwa huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili, na kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo tofauti hiyo inavyozidi. Propela huvumilika kwa sababu ina krosi mbili: ya pili hufuta kosa la kwanza, mradi masikio yao yalingane na pembe zao ziwe sawa, tofauti isipite digrii 1 hivi. Kwa propela ya kawaida kama yangu, hilo hutimia pale ambapo shafti inayotoka kwenye transfa kesi (sanduku linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) na pinioni ya difu (shafti fupi inayoingia kwenye difu) zinakuwa sambamba.

Nilipima kwa kipimapembe chenye sumaku, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya sakafu iliyo sawa. Shafti ya transfa ilikuwa imeinamia nyuma digrii 3, propela yenyewe digrii 9, na pinioni, ambayo ilipaswa kukaribia 3, ilikuwa 7. Kwa hiyo krosi ya mbele ilifanya kazi kwa digrii 6 na ya nyuma kwa digrii 2 tu. Hakuna kufutana hapo.

Sababu niliiona nilipotazama shakeli, vile vyuma vinavyoshikilia ncha ya nyuma ya springi kwenye chasisi. Pamoja na springi mpya, gereji ilikuwa imeweka shakeli ndefu ili kupata urefu zaidi. Shakeli ndefu huishusha ncha ya nyuma ya springi, nayo ekseli huzunguka hadi pua ya difu ikaelekea juu. Naamini huo ni urefu wa kununua kwa bei mbaya, na sitauweka tena katika gari langu. Niliporudisha shakeli za zamani pinioni ilishuka hadi 5. Zilizobaki digrii 2 nilizipata kwa kabari za chuma, moja kila upande kati ya springi na kikalio chake juu ya ekseli, upande mnene ukiwa mbele ili kuishusha pua ya difu. Nilichagua chuma kwa sababu alumini inaweza kupasuka chini ya mzigo, na nililazimika kutafuta bolti ya katikati ya springi iliyo ndefu zaidi ili kichwa chake kiingie vizuri katika tundu lake.

Wapo wanaoiacha pinioni chini kidogo kuliko usambamba, kwa kuwa springi za mabamba hujipinda gari linapovuta na pua ya difu hupanda. Wana haki, hasa kwa gari la kubeba mizigo mizito. Kwangu 3 ilitosha.

Jumamosi nilishuka Kiserian kuelekea Olorgesailie nikiwa na mzigo wa maji na kuni nyuma, na katika 80 kioo kilionyesha barabara yote. Nilipofika nyumbani nilikaza upya yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, na mbili kati yake zilikubali robo mzunguko.