Siku moja maishani mwangu: nukta mbili, mstari mmoja

Saa kumi na moja alfajiri. Kayole bado ni giza, ila mama wa chapati pale kwenye kona ameshawasha jiko. Nakunywa chai ya rangi huku nikimalizia kusahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu. Wanarudia mada ya mwaka jana, kutafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu ukiwa umepewa nukta mbili. Madaftari ni 39, na 17 kati yake yana kosa lile lile. Nayatia mkobani nikiwa bado nalifikiria kosa hilo.

Saa kumi na mbili na robo niko ndani ya matatu. Foleni inaanzia Donholm na Barabara ya Jogoo haisongi, kwa hiyo naandika maswali ya leo juu ya goti.

Saa mbili kamili, kipindi cha kwanza. Naandika ubaoni (2, 5) na (6, 13). Nawakumbusha kwamba mstari mnyoofu unaopita kwenye nukta hizi mbili ni mmoja tu, na kazi yetu ni kuupatia jina lake. Baada ya dakika tano darasa limegawanyika. Wengine wana y = 2x + 1, wengine y = −2x + 9.

Kundi la pili limefanya lile kosa la kwenye madaftari. Mteremko ni tofauti ya y gawanya kwa tofauti ya x. Juu wameanza na nukta ya pili, 13 − 5, wakapata 8. Chini wakaanza na nukta ya kwanza, 2 − 6, wakapata −4. Ukianza na nukta moja juu, anza na hiyo hiyo chini. Neno "mteremko" lenyewe linawachanganya, maana masikioni ni kushuka tu, na ndiyo sababu wengi hulikimbia wakasema gredienti. Mimi nawapeleka kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Kutoka 2 hadi 6 tumekwenda hatua 4 kulia, na kutoka 5 hadi 13 tumepanda 8. Kila hatua moja tunapanda 2. Mtu anayepanda atapataje mteremko hasi?

Binti mmoja wa dawati la mbele hakuridhika. "Mwalimu, lakini mimi nimehakiki. Nikiweka 2 kwenye x, napata 5."

Alikuwa sahihi. −4 + 9 ni 5. Nikaweka chaki chini.

Tulirudi pale alipoanzia, y − 5 = −2(x − 2). Weka 2 mahali pa x: mabano yanakuwa sifuri, na mteremko wowote ukizidishwa kwa sifuri unapotea. Tukajaribu mteremko wa 100, nukta (2, 5) ikakubali. Tukajaribu wa −7, ikakubali. Nukta uliyoijengea mlinganyo itakubali kila kitu. Shahidi wako ni ile nyingine. Akaweka 6, akapata −3 badala ya 13, akachukua kifutio bila kusema neno. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia wanafunzi "hakikisheni jibu" bila kuwaambia kwa nukta ipi. Hilo linaniuma, kwa sababu wapo waliomaliza shule wakiamini wamehakiki.

Saa nne na nusu, chai na mandazi. Mwenzangu wa fizikia alitaka mfano wa kutumia na vipimajoto vyake, nami nikampa ninaoupenda kuliko yote. Katika shinikizo la kawaida la hewa, maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi, ambayo ni 32 ya Farenhaiti, na huchemka kwenye 100, ambayo ni 212. Nukta ni (0, 32) na (100, 212). Mteremko ni 180 gawanya kwa 100, yaani 1.8, na mstari unakata mhimili wa y kwenye 32. F = 1.8C + 32. Weka 37, joto la mwili, unapata 98.6.

Saa nane mchana, mkondo wa pili. Niliwapa (3, −2) na (3, 7) makusudi. Wakagawanya kwa sifuri, wakakwama. Mstari umesimama wima, hauna mteremko, na mlinganyo wake ni x = 3 basi. Mmoja akauliza nani alianza kuandika mistari kwa namba. Nikamtajia René Descartes, Mfaransa aliyechapisha kazi yake mwaka 1637, na Pierre de Fermat aliyekuwa na wazo hilo hilo enzi hizo hizo.

Saa kumi na moja jioni nikapanda boda ya kijana wa mtaani kwetu. Tulipofika akazima injini, akanionyesha simu. "Mwalimu, hawa wa programu hukadiria nauli vipi? Kilomita 4 nililipwa 130, kilomita 10 nikalipwa 280."

Nukta mbili hizo. 280 toa 130 ni 150, gawanya kwa 6, shilingi 25 kila kilomita. Kilomita 4 ni 100, kwa hiyo 30 ni ya kuanzia safari. Nikamwomba safari ya tatu, kwa sababu nukta mbili haziwezi kuukana mstari wake. Akapata ya kilomita 7. Mimi nilitarajia 205, simu ikasema 250.

"Hiyo ilikuwa Ijumaa, mvua inanyesha," akasema.

Basi tafuta ya siku kavu. Akashusha orodha kwa kidole gumba mpaka safari ya kilomita 5. Nikamwambia asinionyeshe kwanza. 25 mara 5, jumlisha 30.

"Mia moja hamsini na tano."

Akanigeuzia simu: 155. Kisha akaniomba kalamu, akaandika 25 na 30 nyuma ya risiti ya petroli.