Mlima Uliokubali Kukaa Chini

Kwenye I Ching, kitabu cha kale cha ramli cha Wachina, kila ishara ni mchoro wa mistari 6. Ya 15 ni Qian, unyenyekevu: mistari 3 ya chini ni mlima, 3 ya juu ni ardhi. Kirefu kimeinama chini ya tambarare. Naipenda mno picha hii.

Ukipiga ramli kwa sarafu 3, zirushe mara 6, kila mara upate mstari mmoja. Upande mmoja uhesabu 3, wa pili 2. Jumla ya 7 au 9 ni mstari mzima. 6 au 8, uliokatika. Anza kuandika chini, panda juu. Wengi hukosea hapa: ukiigeuza Qian juu chini, unapata ishara ya 16, Yu, ya shangwe, na unasoma jibu lisilo lako.

Kwenye Qian mstari mzima ni mmoja tu, wa 3 kutoka chini: mchapakazi asiyejisifu, anayeifikisha kazi mwisho. Basi kazi ikisifiwa, taja kwanza walioshika upande wa pili wa mzigo. Ishara inasema pia punguza palipozidi, ongeza palipopungua. Kikaoni, aliyeongea sana anyamaze, asiyesikika apewe nafasi.

Ila msidhani ni kukubali kuonewa. Mistari ya 5 na 6 inaruhusu hata kupeleka jeshi.