Kumbe nilikuwa napika kuni, si githeri

Sisi hapa Uthiru gesi tunayo lakini ni ya chai na mayai, githeri ya masaa mawili matatu nani ataweka kwa gesi? So Disemba nikanunua kuni za mkaratusi, nusu pikapu, jamaa alikuwa ameangusha mti huko Dagoretti wiki hiyo hiyo akaniuzia bei poa sana, na hapo ndio ningeshtuka. Jiko ni lile la udongo lenye bati nje, halina shida, lakini moshi! Jirani wa juu akiniona tu na kiberiti anaanua nguo, sufuria zote masizi, mimi napuliza machozi yakitoka nikilaumu jiko. Hata nilishaanza kuuliza bei ya lingine.

Januari shosho akaja kutoka Murang'a, akatazama kidogo, akachukua kuni mbili akazigonganisha. Zikalia du, nzito hivi. "Wewe mtoto, unapika githeri ama unapika kuni?" Kumbe zilikuwa mbichi, kuni ikikauka inalia ko, kama mwiko kwa meza.

Mimi na ubishi wangu, nikapasua moja unene wa mkono nikaipeleka kwa butcha anipimie, akacheka sana, ikatoka kilo 1.6. Nikaiwekea alama. Zingine zote nikazipasua hivyo hivyo, na hiyo kazi ya shoka wacha tu, mgongo ulijua haujui, nikazipanga kwa ukuta unaopigwa na jua, chini nimeweka mawe, juu bati, kando wazi upepo upite. Ukifunika na nailoni mpaka chini zinatoa jasho humo ndani zinaota ukungu.

Katikati ya Machi kabla mvua ishike nikarudi kwa butcha na ile ile, kilo moja. Hizo gramu 600 ni maji, zaidi ya nusu lita kwa kuni moja! Moto wangu ulikuwa unachemsha hayo kwanza ndio ukumbuke sufuria, na moto ukiwa baridi ule moshi, ambao ndio ungewaka utoe joto, unaponyoka tu hivyo unaenda kwa nguo za watu.

Sasa nazipasua tena nyembamba, naweka tatu ama nne, ncha tu ndio ziko ndani nazisukuma zikiisha, na nimeziinua na kawavu ka chuma hewa ipite chini. Zamani nilikuwa nashindilia mdomo wote wa jiko nikidhani ndio moto mkubwa. Na mabaki ya fundi wa fanicha, zile mbao za gundi na rangi, sichomi hata nikipewa bure, moshi wake ni sumu.

Dakika za kwanza bado inafuka, sidanganyi. Ikishika unaona tu hewa ikicheza juu ya moto, moshi hakuna. Mlango wa jikoni nauacha wazi hata hivyo, kwa sababu makaa yakibaki yana ile hewa mbaya isiyo na harufu. Mei nimeongeza zingine mbichi, ziko kwa ukuta, na kwa hii baridi ya Julai naona hazitaguswa mpaka mwaka ujao.