Nilivyomaliza mvutano wa madai saiti kwa kuajiri mwakilishi wangu

Ujenzi ulipofika ghorofa ya kwanza, kila wiki mkandarasi aliniletea madai ya kazi za ziada. Msanifu alisema hayamo kwenye ramani. Mkandarasi akasema msanifu ndiye aliyeagiza. Mimi si mtu wa ujenzi, na mlipaji nilikuwa mimi.

Nikaajiri mwakilishi wa mwenye mradi: mhandisi mzoefu wa kusimamia saiti, asiye na undugu wala biashara na mkandarasi. Nilimlipa ada isiyobadilika kwa mwezi. Asilimia ya gharama niliikataa, maana anayelipwa hivyo hapati hasara gharama zikipanda. Kazi yake kukagua na kunishauri. Kuidhinisha fedha kulibaki kwangu.

Jambo la kwanza alisimamisha umwagaji wa zege. Nondo za boriti zilikuwa zimelala juu ya mbao bila biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuziinua. Zege likimwagwa hivyo, chuma hubaki wazi upande wa chini na kushika kutu. Zikainuliwa, akapiga picha, ndipo likamwagwa. Sampuli za zege hilo zilipelekwa maabara kuvunjwa siku ya 7 na ya 28, kupima uimara wake.

Kwenye madai aliweka utaratibu mmoja: hakuna kazi ya ziada bila agizo la maandishi lenye bei na siku zitakazoongezeka, nililolisaini kabla kazi haijaanza. Madai ya zamani aliyalinganisha na ramani, moja baada ya jingine. Mengine yalikuwa ya haki kabisa, nikayalipa. Yaliyobaki mkandarasi aliyaondoa mwenyewe.