Ekzosi Ikinguruma, Usikimbilie Kuchomelea

Sauti ya ekzosi hudanganya. Tundu likiwa chini ya miguu ya dereva, mngurumo unaweza kusikika nyuma kana kwamba sailensa ndiyo iliyotoboka. Ndiyo maana gari hutoka gereji na sailensa mpya na kelele ileile.

Anza asubuhi, nje penye hewa, injini ikiwa baridi kabisa. Washa, fungua boneti, sikiliza dakika mbili za mwanzo. Ukisikia tiki-tiki inayoongeza kasi ukikanyaga mafuta, kisha inafifia chuma kikipata moto, moshi unavuja kwenye manifoldi, chuma kinachokusanya moshi unapotoka kwenye injini: gasketi imeungua, stadi (bolti isiyo na kichwa inayoishika) imekatika au manifoldi ina ufa. Joto hutanua chuma na kuubana upenyo. Tiki isiyobadilika kwa moto wala baridi mara nyingi ni ya valvu au nozeli za mafuta. Mngurumo mzito ni wa bomba au sailensa. Kelele ya bati linalocheza kwenye mzunguko fulani tu wa injini ni bati la kukinga joto lililolegea; kibano kirefu cha chuma kinatosha. Ukiyagonga masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba) kwa nyundo ya mpira ukasikia kama changarawe ndani, kauri yake imevunjika.

Kisha mtafute mtu mwenye glavu azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene lenye maji, sekunde chache tu, kabla halijapata moto. Kama mfumo ni mzima, moshi utamsukuma mkono au injini itataka kuzima. Kama umetoboka, utasikia 'ssss' palepale penye kosa. Nyunyizia maungio maji ya sabuni uone povu. Tafuta pia masizi meusi, hayo huonyesha moshi ulipopita. Kitundu kidogo kilichotobolewa kiwandani chini ya sailensa usikizibe: kinatoa maji. Petroli ikiungua huzaa maji, na safari fupi haziipi sailensa joto la kuyakausha, kwa hiyo sailensa huoza kuanzia ndani.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Toyota ndogo nyingi zina ungio la mbele lenye bolti mbili za springi na gasketi ya duara kama pete. Injini iliyowekwa kwa kukingama hutikisika mbele na nyuma kila unapoondoka na kila unapoachia mafuta, na ungio hilo limewekwa ili lifuate mtikisiko huo. Fundi akiona linavuja, hulichomelea lote mzunguko. Kelele inaisha wiki mbili, halafu manifoldi inapasuka au bomba linakatika mbele kidogo ya weldi, kwa sababu nguvu ile lazima itokee mahali. Dawa yake ni pete mpya, na springi na bolti mpya kama zimeliwa na kutu. Safisha nyuso zote mbili kwa brashi ya waya na usipake silikoni ya kawaida, inaungua na mvuke wake unaweza kuharibu sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. Kipande cha bomba kilichosokotwa kwa nyavu za waya ni hivyohivyo: kikichanika badilisha, na kagua mauntini (raba zinazoishikilia injini) na raba za kuning'iniza ekzosi kabla ya kufunga kipya.

Kuchomelea kuna mahali pake, kwenye bomba lililonyooka. Kata hadi ufike kwenye chuma kizima. Weldi juu ya kutu hupanua tundu. Ingiza kipande cha bomba kinachokaza juu ya lile la zamani, kikipita sentimita 4 kila upande. Bomba hizi ni nyembamba, takribani milimita 1.5, hivyo mashine ya gesi ya CO2 ni bora. Kwa fimbo ya kuchomelea, tumia ya milimita 2 na umeme mdogo, ukiweka nukta nukta. Toa waya hasi wa betri kwanza, na bana waya wa arthi karibu na unapochomelea. Tenki la mafuta likiwa jirani, shusha bomba ukachomelee mbali. Gari ikae kwenye stendi, kamwe si jeki peke yake.

Uvujaji wa mbele usiuache eti kelele ni ndogo. Kati ya msukumo mmoja na mwingine bomba hunyonya hewa ya nje, sensa ikadhani mchanganyiko una petroli kidogo, kompyuta ikaongeza mafuta, na ulaji ukapanda. Kuna pia monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuingia kwa abiria kupitia tundu la sakafu. Ukiumwa kichwa ndani ya gari, fungua vioo, simama, shuka.

Manifoldi ikivuliwa, ilaze rula ya chuma juu ya uso wake; ikiwa imepinda isawazishwe kwanza, la sivyo gasketi mpya itaungua tena. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili, na ukague ukazaji tena baada ya siku chache injini ikiwa imepoa.