Siku yangu na seli nyekundu: kuandaa malipo ya korosho Newala

Mimi ni mhasibu msaidizi wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Newala. Msimu wa korosho ukifika, watu hudhani kazi yetu ni kuhesabu hela. Hela zenyewe hatuzioni hata noti moja. Tunachoshika ni shiti ya Excel yenye majina ya wakulima, na siku hii ninayowasimulia, Ijumaa ya baada ya mnada, ilikuwa na mistari 386.

Saa 12:10 asubuhi. Ukungu umelala juu ya paa, huoni hata mwembe wa jirani. Newala tuko juu ya mlima, asubuhi ni sweta. Nachota maji ya kwenye dumu kwa adabu, maana hapa maji hayamwagwi ovyo, nanywa chai kwa muhogo wa jana, napanda bodaboda.

Saa 1:30. Ofisini. Umeme upo, namshukuru Mungu kabla ya kuketi. Kompyuta yetu ina Excel ya 2010, mashine ya kizee lakini haijawahi kunitupa. Benki wanataka orodha ya malipo kabla ya saa 9 alasiri. Mwenzangu aliyeenda likizo ya uzazi aliniachia faili alilolitengeneza kwenye laptopu yake, ambayo ina Excel mpya. Nalifungua: jumla ipo chini, hakuna kosa hata moja. Safi kama sahani ya mgeni.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Msimu uliopita tulikuwa na faili safi kama hilo. Siku ya tatu baada ya malipo akaja mzee mmoja, kofia mkononi, akasema wenzake wote wameshapata meseji za benki, yeye bado. Nikamtafuta kwenye shiti: yupo, jina lake, kilo zake, na malipo yake 0. Fomula ilimpa sifuri, benki wakaruka mstari wake, na sisi tukatia sahihi. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Aliyemmeza ni IFERROR.

Kwa wasioijua: IFERROR ilikuja na Excel ya 2007, na kazi yake ni kusema "hesabu hii ikigoma, weka kitu hiki badala yake". Watu wengi huweka 0, au alama za nukuu za kufungua na kufunga bila kitu ndani (""). Ubaya wake haichagui. Daraja la korosho halijaandikwa vizuri, sifuri. Umekosea jina la fomula, sifuri. Umefuta kolamu iliyokuwa ikitegemewa, sifuri pia. Ni kama mlinzi anayewaambia wageni wote kwamba bosi hayupo.

Saa 2:15. Nagusa seli moja ya bei, yaani kijumba kimoja cha shiti, nabonyeza F2, kisha Enter. Bei inageuka 0 mbele ya macho yangu. Nabonyeza Ctrl+Alt+F9 ili kila kitu kihesabiwe upya, na kolamu nzima ya malipo inakuwa sifuri, mistari yote 386.

Sababu ilikuwa nyepesi. Mwenzangu alitumia XLOOKUP kutafuta bei ya kila daraja kwenye jedwali, fomula ambayo Excel ya 2010 haiijui kabisa. Mashine ilikuwa ikionyesha majibu yaliyohifadhiwa tangu kwenye laptopu yake. Nilipoilazimisha kuhesabu ikakuta jina geni, ikatoa #NAME?, na IFERROR ikalifunika kosa hilo kwa sifuri. Ukiona _xlfn imejibandika mbele ya jina la fomula, jua faili limetoka kwenye Excel mpya kuliko yako. Usiguse kwanza, weka nakala pembeni.

Saa 2:40. Naweka nakala. Nafuta IFERROR zote, narudisha INDEX na MATCH, fomula za kizamani za kutafuta zinazoelewana na mashine yetu. Kwenye jumla, mwenzangu alikuwa ameandika =SUMPRODUCT(C2:C387,D2:D387), kilo kwa bei. Nayo naibadilisha kuwa =SUM(C2:C387*D2:D387), halafu Ctrl+Shift+Enter, mpaka yale mabano yaliyojikunja yajitokeze yenyewe pembeni. Hiyo ndiyo fomula ya arei: inabeba kolamu nzima kwa mkupuo, inazidisha mstari kwa mstari, kisha inajumlisha.

Jibu: kosa. Nikatabasamu. Katibu akapita nyuma yangu, akaona #N/A, kosa la "haipatikani", limekaa palipotakiwa kuwa na mamilioni ya shilingi za watu, akauliza, "Dada, umeliharibu?"

"Hapana katibu, nimelifufua."

Fomula ya arei ina tabia hiyo: mstari mmoja ukiwa na kosa, jumla yote inakataa. Wengi wanaichukia kwa hilo. Mimi nimeizoea kama mama mkwe mkali, anayesema ukweli mbele ya wageni.

Lakini jumla iliyokataa haikuambii tatizo liko wapi. Basi kwenye seli tupu naandika =SUM(--ISERROR(E2:E387)), E ikiwa kolamu ya malipo, tena kwa Ctrl+Shift+Enter. ISERROR inaijibu kila seli ndiyo au siyo, zile alama mbili za kutoa zinageuza ndiyo kuwa 1, na SUM inahesabu. Jibu ni 5. Watano kati ya 386. Seli ya pili: =MIN(IF(ISERROR(E2:E387),ROW(E2:E387))). Hii inataja mstari wa kwanza wenye kosa. 58. Nikirekebisha wa 58, yenyewe inahamia kwenye unaofuata. Unakwenda nayo mmoja mmoja kama mtu anayeokota korosho chini ya mti.

Saa 3:30. Wanne kati ya watano ni #N/A, na wote ugonjwa wao mmoja. Kwenye jedwali la bei imeandikwa "daraja 1". Kwao pia imeandikwa "daraja 1". Macho hayaoni tofauti. Naandika =LEN, inaniambia herufi 9, wakati zinapaswa kuwa 8. Karani aligonga nafasi mwishoni kabla ya kwenda mstari mwingine. TRIM inaondoa, wanne wamepona.

Saa 4:00. Chai ya ofisi na chapati. Dakika kumi, maana yule wa tano ananisubiri.

Saa 4:15. Mstari wa 304, #VALUE!. Kilo zimeandikwa 140, bei ipo sawa. Lakini namba imelala upande wa kushoto wa seli, na namba halisi kwa kawaida hukaa kulia. Nakuza maandishi mpaka asilimia 200. Si 140. Ni 14O. Moja, nne, na herufi O.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo nilipojifunza kitu. Ile SUMPRODUCT ya mwanzo, yenye mkato katikati, isingenung'unika kamwe. Ikikutana na maandishi huyahesabu kuwa sifuri na kuendelea na safari. SUM ya kolamu ya kilo nayo hivyo hivyo, inayaruka tu. Kwa hiyo hata bila IFERROR, jumla ingetoka safi na ingepungua kilo 140. Tuseme bei ni shilingi 3,000, hizo ni 420,000 za mtu. Ile nyota ya kuzidisha ndiyo iliyokataa kuzidisha herufi kwa namba, ikapiga kelele.

Nikachukua stakabadhi ya ghala kulinganisha. Ghala wanasema walipokea kilo 41,360. SUM yangu inasema 41,220. Tofauti: 140 kamili.

Hata hivyo sikuandika 140. Nilimpigia karani wa mizani.

"Kaka, habari za kazi. Naomba karatasi ya mzani ya huyu wa 304."

"Kwani ina nini? Mimi niliandika kwa simu, dada, usiku, taa ya sola imeisha chaji."

Akatafuta, nasikia makaratasi yanavyopekuliwa. "Mia moja na arobaini. Gunia mbili."

Ndipo nikaiandika. Kulingana kwa hesabu kunatosha kunionyesha njia, ila hela za mtu nazifuata mpaka kwenye karatasi yake. Seli ya kuhesabu makosa ikasoma 0, jumla ikatoka, na kilo zikagongana na stakabadhi.

Saa 6:20 mchana. Akaunti za benki. Nambari ya mkulima kwenye shiti ni 457. Kwenye daftari la wanachama ni 0457, iliyoandikwa kama maandishi. Kwa binadamu ni mtu yule yule, kwa MATCH ni watu wawili wasiofahamiana. #N/A zimejaa kolamu kama siafu. Naivisha namba nguo ya daftari kwa TEXT(A2,"0000"), na MATCH inaanza kuwatambua.

Hapa sasa natega kosa, ila kwa jina lake. IFNA ingefaa, lakini ilikuja na Excel ya 2013, mashine yangu haijaisikia. Kwa hiyo natumia IF na ISNA: asipopatikana, iandikwe HAYUMO. Siweki sifuri wala nafasi tupu. Nafasi tupu ile ya alama mbili ina mtego wake: ukija kuizidisha mbele ya safari, inakuletea #VALUE! nyingine usiyojua imetoka wapi.

HAYUMO ikabaki moja. Mstari wa 212.

Saa 7:10. Wali na samaki mkavu kwa mama ntilie. Nikiwa hapo nampigia wa 212.

"Shikamoo bibi. Napiga kutoka chama."

"Marahaba mwanangu. Hela imetoka?"

"Inatoka leo, bibi. Ila akaunti yako siioni kwenye daftari."

Kimya kidogo. Kumbe akaunti ilikuwa ya mzee wake, aliyefariki baada ya msimu uliopita. Bibi amepewa nambari mpya ya mkulima, akaunti yake amefungua, ila hakuna aliyeiingiza kwenye daftari. Yuko shamba, kadi iko nyumbani, na siwezi kuingiza namba ya benki ya mtu kwa kuisikia kwenye simu inayokatika. Tukakubaliana aje Jumatatu na kadi.

Saa 8:40. Nautoa mstari wa 212 kwenye orodha ya benki, nauweka kwenye shiti ya pembeni, rangi nyekundu, na chini naandika ukaguzi: zilizopelekwa, jumlisha zilizozuiwa, toa jumla kuu. Inasoma 0. Sifuri pekee niliyoipenda siku nzima. Faili linaitwa "malipo_MWISHO_kweli_2", msinicheke.

Saa 9 kasoro tano. Benki wamepokea.

Saa 10. Katibu anataka wastani wa kilo kwa gunia. Mistari michache haina idadi ya magunia, hivyo #DIV/0!, kosa la kugawa kwa sifuri. Nampa =AVERAGE(IF(ISNUMBER(F2:F387),F2:F387)). Akataka tuweke sifuri "isionekane vibaya". Nikamchorea kwenye karatasi: 80, 82, 78, na mmoja mwenye kosa. Ukimwacha nje, wastani ni 80. Ukimpa sifuri, ni 60, na mkutano mkuu watauliza magunia yametobolewa na nani. Akacheka, akaniachia.

Saa 11:30 jioni. Natembea kwa miguu upande wa Shimo la Mungu, upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma. Sifikirii chochote chenye alama ya reli mbele.

Saa 3 usiku. Meseji ya katibu: "Nimefungua faili. Hii nyekundu ya 212 ni kosa?"

Nikamjibu: "Ni bibi. Anakuja Jumatatu na kadi."

"Sawa. Nilitaka kuifuta."